Simu inamaliza chaji mapema? Angalia kwanza kiwanda cha prosesa

Lalamiko ni lilelile: simu mpya, betri ya mAh 5,000, lakini jua halijazama inadai chaja. Wengi huilaumu betri. Kabla ya kununua nyingine, chunguza prosesa, yaani ubongo wa simu, na usihangaike na idadi ya viini vyake, zile sehemu zinazofanya hesabu. Uliza imechongwa na kiwanda gani.

Umeme unaoliwa na transista, swichi ndogo mno zinazounda prosesa, zinapowaka na kuzima huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Punguza volteji kwa asilimia 10, matumizi hayo yatashuka kwa asilimia 19 kwa kasi ileile. Transista zilizochongwa vizuri hutosheka na volteji ndogo. Zinazovujisha umeme huzalisha joto, joto nalo huzidisha uvujaji, mwishowe prosesa inajipunguzia kasi na mchezo unaanza kukwama.

Tazama prosesa mbili za kampuni ya Qualcomm, Snapdragon 8 Gen 1 na 8+ Gen 1. Muundo unakaribia kuwa mmoja, na zote huitwa za nanomita 4 (jina la kizazi cha uchongaji; kwa kawaida namba ikiwa ndogo, umeme unaoliwa hupungua). Ya kwanza ilichongwa na Samsung. Ya pili, ya mwaka 2022, ilichongwa na TSMC, kampuni ya Taiwan. Kasi ya kiini kikubwa ilipandishwa kutoka GHz 3.0 hadi 3.2, na bado Qualcomm ilitangaza kuwa ufanisi wa viini katika kutumia umeme umeongezeka kwa hadi asilimia 30.

Kwangu namba moja ni Dimensity 8100 ya MediaTek, na sitafuni maneno. Ni ya TSMC, nanomita 5, yenye viini vinne vikubwa vya aina ya Cortex-A78 vinavyoishia GHz 2.85, haina kile kiini kimoja kikubwa kinachofukuzia kasi na kula chaji. Ya pili ni 8+ Gen 1, kwa wapenda michezo mizito. Ya tatu Snapdragon 7+ Gen 2, nayo ya TSMC.

Mfuko ukibana, chukua simu yenye prosesa ya MediaTek Helio G99 ya nanomita 6, uiache G85 ya nanomita 12.

Kinachokera ni maboksi na wauzaji. Mabango yanapigia kelele "viini vinane", kiwanda hakitajwi, na muuzaji anakwambia "ni Snapdragon 8" akaishia hapo, ilhali alama ya kujumlisha ndiyo unayoilipia. Usibishane naye. Rekodi video ya 4K dakika kumi, kisha gusa mgongo wa simu karibu na kamera uone kama unachoma. Halafu fungua programu ya CPU-Z, inayoonyesha namba ya prosesa: SM8475 ndiyo 8+ Gen 1. Ukikuta SM8450, hiyo ni 8 Gen 1 ya Samsung, mrudishie simu yake.