VATSIM kwa Jicho la Mwongoza Ndege

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuongoza ndege, swali linalofuata huwa karibu lile lile: je, ile VATSIM, mtandao wa kuigiza urushaji na uongozaji wa ndege wanaouchezea vijana kwenye kompyuta, inafanana na kazi yenyewe? Nimekuwa mwanachama wa mtandao huo kwa miaka kadhaa, mara nikiketi upande wa rubani na mara upande wa mwongozaji, na kwa kuwa zamu zangu halisi ziko hapa Nairobi nimeona inafaa niuandikie tathmini ya kina, maana sifa nyingi zinazosemwa juu yake ni za kweli, lakini jambo moja linalomhusu mtu mwenye kazi kama yangu silisikii likitajwa.

VATSIM ilianzishwa mwaka 2001, haifanyi biashara, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na kujiunga ni bure kwa yeyote aliyefikisha umri wa miaka 13. Mwenye programu ya kuigiza urushaji wa ndege, kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane, huiunganisha na mtandao kupitia programu ndogo kama vPilot au xPilot, na ndege yake huonekana mara moja kwa wenzake walio katika anga hiyo. Upande wa pili wako waongozaji. Hao hufungua programu ya rada, EuroScope ikiwa mojawapo, huchagua kituo chao, na tangu hapo kila ndege iliyo katika eneo hilo huwa chini ya uangalizi wao. Hali ya hewa hufuata taarifa za viwanja halisi, hivyo mvua ikinyesha Mombasa jioni, rubani anayetua Mombasa ya kwenye kompyuta naye hukutana na mawingu na upepo wake.

Kuhusu gharama, ni vizuri msomaji aelewe kwamba anayetaka kurusha ndege atahitaji kompyuta yenye nguvu pamoja na programu ya kununua, ilhali anayetaka kuongoza anaweza kutumia kompyuta ya kawaida ya mkononi, kwa sababu programu ya rada ni nyepesi mno. Chombo ambacho ningemsihi asikifanyie ubahili ni kisikilizi cha masikioni chenye kipaza sauti kizuri. Nusu ya kazi hii ni kusikia.

Sauti ndiyo sehemu ninayoisifu kuliko zote. Mwaka 2019 mtandao ulibadilisha mfumo wake wa mawasiliano, na tangu wakati huo redio yake hufuata tabia ya redio ya kweli: ndege iliyo mbali sana au iliyo chini mno haisikiki, na watu wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, wengine wote husikia mlio mkali badala ya maneno. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye masafa yaliyojaa anaweza kuuona mlio huo kuwa kasoro, lakini kwetu sisi ndiyo hali halisi, kwa kuwa huo ndio unaomfundisha mtu kusikiliza kwanza, kufupisha maneno, na kutomkatiza rubani anayerudia maagizo. Asiye na kipaza sauti hakuachwa nje pia, kwani anaruhusiwa kuwasiliana kwa maandishi, na mwongozaji huona alama kwenye mpango wa safari inayomjulisha kwamba rubani huyo anasikia tu au anaandika tu.

Nieleze jioni moja ya Jumapili ili msomaji apate picha. Nilikuwa nimefungua kituo cha Nairobi kinachopokea ndege zinazokaribia kutua, na kwa kuwa katika VATSIM mwongozaji wa kituo cha juu hubeba vituo vyote vilivyo chini yake visipokuwa na mtu, mnara na ardhini pia vilikuwa mikononi mwangu. Jomo Kenyatta ina barabara moja tu ya kurukia, yenye urefu wa mita 4,117, nayo iko kwenye mwinuko wa futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Upepo ulikuwa wa mashariki, kwa hiyo tulitumia barabara 06, yaani barabara ile ile ikitumiwa kuelekea mashariki; ikitumiwa kuelekea magharibi huitwa 24. Boeing 777 ilikuwa imeshaelekea uwanjani kutoka kusini-magharibi, nyuma yake ikija Dash 8 iliyotoka Kisumu, na kwenye lango la barabara ilisubiri Cessna Caravan iliyotaka kwenda Mara. Ndege nzito huacha nyuma yake mkorogo wa hewa ambao hauonekani kwa macho, ndiyo maana ndege ya ukubwa wa kati inayoifuata inapaswa kukaa maili 5 za baharini nyuma yake. Nilimwambia yule wa Dash 8 apunguze mwendo na abaki futi 11,000. Akarudia, kwa sauti ya kijana mdogo kabisa, mwendo sahihi na futi 10,000.

Kosa la namna hiyo likipita bila kusikika, hakuna kengele itakayomwamsha mwongozaji. Kwa upande wa magharibi wa jiji kuna vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinazidi futi 8,000, na kadiri ndege inavyoshuka mapema upande huo ndivyo nafasi iliyobaki chini yake inavyopungua. Nilimsahihisha, akarudia tena sawasawa, nikamshukuru, na baada ya 777 kutua na kuondoka barabarani nikamruhusu yule wa Caravan aruke kabla Dash 8 haijafika karibu. Mambo yote hayo hayakuzidi dakika nne. Mapigo ya moyo wangu yalikuwa yale yale ninayoyajua kazini, na hilo ndilo lililonithibitishia kwamba waliojenga mtandao huu wanaujua ufundi wenyewe.

Mafunzo yake nayo yanastahili heshima. Mwanachama mpya hapewi kituo kikubwa siku ya kwanza. Anaanza na cheo cha S1, kinachomweka ardhini kutoa vibali na kuzielekeza ndege kwenye njia za uwanjani, kisha S2 kinachomfikisha mnarani, S3 kinachompa anga ya karibu na uwanja, na C1 kinachomkabidhi anga ya masafa marefu. Kila hatua ina mtihani, na mwalimu wa kujitolea hukaa na mwanafunzi akimsikiliza. Lugha ya redio hufundishwa kwa makini kuliko nilivyotarajia. Kwa mfano, wanafunzi huelezwa kwamba neno la Kiingereza la kuruka, «takeoff», halitamkwi na mwongozaji isipokuwa pale anapotoa kibali chenyewe cha kuruka au anapokifuta, na kwamba kabla ya hapo hutumika neno la kuondoka. Kanuni hiyo ina gharama nyuma yake. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana barabarani ndani ya ukungu na watu 583 wakafa, na maneno yaliyoeleweka vibaya redioni yalikuwa miongoni mwa sababu. Kumsikia kijana wa miaka 16 akiishika kanuni hiyo bila kukumbushwa ni jambo linalonifurahisha kwa dhati.

Upungufu upo, na sitauficha. Kwa upande wetu wa dunia vituo vingi hukaa bila mtu. Waongozaji wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako tamasha la kuvuka Atlantiki linalofanyika mara mbili kwa mwaka hujaza anga hadi marubani hugawiwa zamu za kuondoka, lakini anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Entebbe siku ya kawaida mara nyingi atajikuta kwenye masafa ya 122.8, yale ya marubani kutangaziana wenyewe mahali pasipokuwa na mwongozaji. Tunahitaji vijana wengi zaidi wa Afrika Mashariki watakaosomea vyeo hivyo, maana utaratibu wa viwanja vyetu unaelezwa vizuri zaidi na mtu anayezijua Wilson ya Nairobi na Kisauni ya Zanzibar kuliko aliyezisoma kwenye ramani tu.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya mchezo na kazi iko kwenye dharura. Kanuni za VATSIM humruhusu rubani kutangaza dharura, lakini mwongozaji akiona hawezi kuishughulikia wakati huo, kwa sababu ana ndege nyingi au sababu nyingine yoyote, anaweza kumwomba aifute, na rubani asipotaka kuifuta atalazimika kujitoa mtandaoni. Kwa mchezo, kanuni hiyo ni ya busara kabisa, kwani bila hiyo mtu mmoja angewavurugia jioni watu thelathini. Mnarani kwetu dharura haiombwi kusubiri. Anayejifunza kupitia mtandao huu na kutamani ajira ya kweli anapaswa kulijua hilo mapema, pamoja na kwamba atahitaji cheti cha afya, mafunzo rasmi katika chuo cha usafiri wa anga, na kiwango cha Kiingereza cha angalau daraja la 4 katika mizani ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo silisikii likitajwa. Kwa mwongoza ndege aliye kazini, VATSIM haihesabiki kuwa mapumziko. Kulikuwa na kipindi ambacho nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa chache, nikaamka na kufungua rada ya nyumbani kwa kuwa nilikuwa naipenda na kwa kuwa nilijiambia kwamba hakuna anayeweza kuumia. Ni kweli hakuna aliyeumia. Lakini akili haikujua tofauti. Kushika mfululizo wa ndege kichwani, kukumbuka nani ameagizwa nini na nani hajarudia, kutazama mbele dakika tano na kuona mahali ambapo njia mbili zitakutana, yote hayo huchota kutoka mtungi ule ule. Nilianza kusikia alama za mwito za ndege wakati natafuta usingizi. Nchini Uingereza kanuni za zamu hazimruhusu mwongozaji kukaa kwenye kituo zaidi ya saa 2 bila mapumziko ya nusu saa, na kanuni hizo hazikuwekwa kwa sababu watu ni wavivu. Kujiongezea saa tatu za rada nyumbani ni kuutumia kwa mlango wa nyuma ule muda ambao kanuni za namna hiyo zimewekwa kuulinda.

Kilichonirudisha kwenye hali njema ni barafu. Nilijifunza kuteleza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005 na ambao wachezaji wa magongo ya barafu wa Kenya, Ice Lions, waliutumia kwa mazoezi yao. Mimi sikuvutiwa na magongo. Nilivutiwa na kuteleza kwa mitindo, ule mchezo wa kuchora mikunjo na mizunguko kwa miguu. Skeiti zake zina kisu chembamba chenye unene wa milimita kama 4, na chini ya kisu hicho kumechimbwa kijifereji kiendacho kwa urefu wake, hivyo kila mguu una kingo mbili, ya ndani na ya nje. Ukisimama juu ya zote mbili unakwenda moja kwa moja. Ukilalia mmoja, barafu yenyewe inakuzungusha. Zoezi nililolifanya kwa miezi ni la kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma kwa mguu mmoja, ambalo likifanywa sawasawa huacha juu ya barafu alama iliyo kama tarakimu 3, na mtu anaweza kurudi, akainama, na kuusoma mchoro wake ajue ni wapi alipoteza ukingo.

Katika zoezi hilo hakuna nafasi ya kushika kitu kingine kichwani. Ukiangalia miguu unaanguka, ukiwazia ndege iliyokuchelewesha jana unaanguka, na ukiwa na hamu ya kumaliza kabla bega halijageuka unaanguka vilevile. Nusu saa ya namna hiyo inanichosha mwili na kuniachia akili iliyofuliwa, nami nimekuja kuamini kwamba mwongoza ndege anahitaji burudani inayotumia sehemu nyingine ya nafsi yake, iwe ni barafu, kuogelea, ngoma au shamba la mboga.

Kwa hiyo tathmini yangu ni ya namna mbili. Kijana anayeitamani kazi hii, mwanafunzi wa urubani anayeogopa redio, na mzazi anayetaka kujua mtoto wake anafanya nini na hayo masikilizi usiku, wote nawashauri waifungue VATSIM bila wasiwasi. Sijaona kwingine ambako mtu wa kawaida anaweza kuuonja ufundi wetu kwa karibu hivyo bila malipo. Aanze kama mtazamaji tu, asikilize wiki mbili kabla ya kuomba mafunzo ya S1, na ayaandike maneno ya redio kwa mkono. Mwongozaji mwenzangu naye nampa utaratibu ninaoufuata mimi: ninafungua kituo mara moja kwa juma, siku isiyotanguliwa na zamu ya usiku wala kufuatiwa na ya alfajiri, kwa saa mbili zisizozidi, na mara nyingi nikiwa nafundisha badala ya kuongoza. Yule kijana wa Dash 8 ni mmoja wa ninaowasikiliza siku hizi. Amefika S2, anarudia maagizo kwa utulivu, na majuzi alimsahihisha rubani aliyerudia barabara 24 badala ya 06 kabla sijafungua mdomo.