Uzoefu wangu na LaTeX, programu ya kupanga kurasa: kukata maneno ya Kizungu mwisho wa mstari

Kazi yangu ni kupanga kurasa, niko kwa duka ndogo ya uchapishaji hapa Nairobi, karibu na River Road, na kazi nyingi ni vijitabu vya mazishi na majarida ya kanisa. Saizi ni A5, maandishi safu mbili, mstari mwembamba, na usipokata maneno unabaki na mapengo makubwa hadi ukurasa unakaa kama meno yamengʼoka.

Kwa miaka nilikua nakata kwa mkono, vile tulifunzwa silabi tukiwa wadogo, ki-ta-bu, ma-i-sha, ikifika vokali unakata. Kumbe Kizungu hakiendi hivyo. Siku moja nilipanga kijitabu cha mzee fulani, nikaandika "mo-ther" na "bro-ther", binti yake ni mwalimu wa Kizungu, akaja kukagua kabla tuchape akatia kalamu nyekundu kila mahali. Akaniambia, ndugu yangu, fungua kamusi. Tukafungua ile ya Kimarekani tukakuta ni fa-ther lakini moth-er, sis-ter lakini broth-er! Sababu ni sauti, ile "a" ya father ni ndefu inasimama peke yake, ile "o" ya mother ni fupi inavuta konsonanti ya mbele ikae nayo. Na strengths, herufi tisa zote, ni silabi moja, hukati popote. Nilishangaa sana na nilisikia vibaya, juu ile ni karatasi watu wataweka miaka.

Mpwa wangu wa kampasi ndio akaniwekea LaTeX, ni ya bure. Wiki mbili za kwanza ni ngumu, unaandika amri badala ya kubonyeza vitufe, lakini kwa hii mambo ya kistari, ile alama ya kukata neno, sijaona kama hiyo. Haibebi kamusi nzima, inaangalia herufi zinavyokaa jirani, kuna mifumo 4447 ya herufi, inayoonyesha neno likatwe wapi, alitengeneza Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth pale Stanford, kwa tasnifu yake ya 1983, na ilipata asilimia 89 ya vistari vya kamusi karibu bila kosa lolote. Ikiwa haina uhakika inaacha neno zima, na hiyo ndio napenda zaidi. Tena haiachi herufi mbili pekee ziende mstari wa chini, kwa hivyo mother inabaki mzima. Present na project pia haigusi, juu ukimaanisha zawadi ni pres-ent na ukimaanisha kuwasilisha ni pre-sent, mashine itajuaje wewe umemaanisha gani?

Lakini macho bado ni yako. Kulikua na jarida la mechi ya wazee wa kanisa, kichwa kilikua na neno legends, na kamusi yenyewe inakubali leg-ends, sasa msomaji anaanza na mguu halafu anakutana na mwisho. Nikaandika hilo neno mwanzo wa faili lisikatwe, ikaisha.

Ingine, isipoambiwa inakata Kimarekani, knowl-edge, na Waingereza kwa desturi yao ni know-ledge, wanaangalia neno limetoka wapi. Kazi za shule mimi naweka Kiingereza cha Uingereza kwanza kabla ya kuandika chochote. Sehemu za Kiswahili nazima ukataji kabisa nakata mwenyewe, hapo sihitaji kufunzwa na mashine, na ngʼo-mbe haiwezi kua ngʼom-be nikiwa nimekaa hapa.

Nyota tano kutoka kwangu. Kitu moja tu siachii programu yoyote ni jina la marehemu. Hilo nalifunga kila mahali limetokea, hata mstari ukibaki na pengo, familia ilisome likiwa zima.