Kompyuta mpya, mtandao wa zamani: fundi wetu wa Kariakoo nampa nyota nne

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta: shilingi 80,000 za kazi ya kuiunga kompyuta mpya kwenye mtandao wetu wa zamani, nauli yake juu yetu, na waya wa mtandao tuliununua wenyewe. Kwa pesa hiyo kompyuta mpya ya ofisi yetu ya uhasibu hapa Magomeni sasa inafungua mafaili ya wateja, inachapisha na inaingia Tally, programu yetu ya hesabu, kama zile za zamani. Mapungufu yapo, nitayasema. Kwanza mjue alikuta nini.

Tuko watu wanne. Mashine tunayoiita seva si seva ya kweli, ni kompyuta ya kawaida yenye Windows 7 iliyo chini ya meza ya bosi, na humo ndimo zilimo folda za wateja na data yote ya Tally. Mashine nyingine mbili zina Windows 10. Zote zimechomekwa kwenye swichi ya matundu manane, yaani kiboksi kinachounganisha waya za mtandao, na swichi inaingia kwenye ruta inayoleta intaneti. Printa ni HP LaserJet P2055dn, imeungwa kwa waya wa USB kwenye hiyo seva, wengine tunaichapishia kupitia humo. Halafu kuna kiboksi kikongwe cha hadi diski cha kuchomeka kwenye mtandao, ambako tulikuwa tunaweka bakapu, yaani nakala za akiba. Nenosiri la folda? Halikuwepo. Mtu alikuwa anaingia tu kama anaingia sebuleni kwa shangazi yake.

Mashine mpya ilikuja na Windows 11 Pro. Intaneti ilishika papo hapo. Folda za wateja, thubutu! Ukiandika anwani ya seva linatokea tangazo refu kwamba sera za usalama za taasisi yako zinamzuia mgeni asiyejitambulisha. Taasisi! Watu wanne na birika la chai. Printa nayo ikatupa kosa namba 0x0000011b na kunyamaza. Na hapo tarehe 20 iko mlangoni, ritani za VAT za wateja hazijaenda.

Fundi wa kwanza tuliyemwita (si huyu ninayemwandikia, na duka lake silitaji) alikuja na dawa moja tu: afute Windows 11, apige Windows 7 ili ifanane na seva. Mashine ina wiki ofisini kwetu! Bosi alipokataa, akasema basi awashe SMB1 kwenye hiyo mpya. Kwa asiyejua, SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows hupeana mafaili, na SMB1 ni ile ya zamani kabisa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu la SMB1 vikafunga mafaili ya watu dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Baadaye mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Leo mtu anataka kuirudisha kwenye mashine yenye hesabu za wateja, na anaita huo ufundi. Tulimpa nauli.

Huyu wa Kariakoo ni kijana tu, ana kibanda ghorofani kwenye mtaa wa maduka ya simu. Nilipompigia hakuuliza mashine mpya ni ya aina gani. Aliuliza, "Shikamoo mama. Hizo nyingine mlizonazo zina nini?" Akaomba nipige picha nyuma ya ruta, nyuma ya swichi na nyuma ya printa, nimtumie WhatsApp. Hapo nikajua pesa yangu haipotei bure.

Alipofika hakuigusa mpya. Alikaa sakafuni mbele ya ile seva. Maelezo yake nayarudia kwa maneno yangu: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro inataka kila mazungumzo ya mafaili yawe na sahihi, ihakikishe hakuna aliyeyachezea njiani. Mgeni asiye na jina wala nenosiri hana cha kusainia, kwa hiyo anagomewa. Windows 7 kwa upande wake si ya SMB1 peke yake. Inajua SMB 2.1 na inajua kusaini. Kwa hiyo ugomvi haukuwa wa uzee wa seva hata kidogo. Ulikuwa ni ule mlango wetu wa bila nenosiri.

Akafungua akaunti mpya ndani ya seva, akaiita "ofisi", akaipa nenosiri la maana. Akaenda kwenye folda ya wateja, akaondoa ruhusa ya kila mtu, akaiweka akaunti hiyo badala yake. Ndipo akahamia kwenye mpya: akaandika anwani ya seva, akajaza jina na nenosiri, akaiambia Windows ikumbuke, na folda akaipa herufi Z. Kwa nini Z? Kwa sababu kwenye zile mashine mbili Tally inatafuta data yake Z, na hakutaka mmoja wetu awe na njia yake na mwingine na yake. Orodha ya kampuni ikajitokeza. Mwenzangu alipiga makofi.

Kuna mtego mmoja hapa ambao bosi alitaka kuuingia. Mashine mpya anaifungua kwa PIN ya tarakimu nne, na dirisha lilipomwuliza nenosiri la seva akaanza kubonyeza PIN ileile. Haikubali. PIN inaishi ndani ya mashine yake tu, haisafiri kwenye waya. Kinachotakiwa ni jina na nenosiri la akaunti iliyo kule kwenye seva.

Printa ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mimi nilitegemea atahangaika na lile kosa. Tangu zilipogunduliwa mwaka 2021 zile kasoro za usalama za uchapishaji wa Windows zinazoitwa PrintNightmare, kuchapisha kupitia kompyuta ya mwenzako kumebanwa sana, na mashine isiyopata tena masasisho haiendani na iliyobanwa. Yeye akaigeuza printa, akafuta vumbi kwa kidole, akatuonyesha tundu la waya wa mtandao ambalo limekaa pale miaka yote na hakuna aliyelitumia. Hiyo "n" mwishoni mwa P2055dn maana yake ndiyo hiyo. Akavuta waya kutoka kwenye swichi, akaipa printa anwani yake isiyobadilika, 192.168.1.20, na kila mashine akaielekeza huko moja kwa moja kwa draiva ya HP ya jumla, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Sasa tunachapisha hata seva ikiwa imezimwa. Zamani bosi akifunga mashine yake saa kumi, ofisi nzima kalamu chini.

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo hatukumwomba. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo kuiacha iingie intaneti ni kutafuta balaa. Kwenye mipangilio ya mtandao ya seva alibakiza anwani yake, ila sehemu ya anwani ya ruta akaiacha tupu. Seva inaongea na sisi, nje haitoki. Bosi hakupendezwa, maana matokeo ya Yanga alikuwa anayaangalia humohumo, lakini alinyamaza.

Kile kiboksi cha bakapu kinajua SMB1 tu, na mashine mpya haikioni hadi leo. Kijana aligoma kuilazimisha. Alihamisha yaliyokuwemo kupitia seva, ambayo lugha hiyo bado inaijua, na bakapu sasa inakwenda kwenye diski ya nje iliyo kwenye mashine mpya. Kiboksi tumekichomoa.

Sasa kwa nini si nyota tano. Alipofunga mlango wa seva, zile mashine mbili nazo zilianza kudai nenosiri katikati ya kazi, na mwenzangu alikuwa ndani ya Tally anaingiza ankara. Angetutangazia mapema tukafunga kwanza. Nenosiri aliliandika kwenye kikaratasi akakibandika kwenye kioo cha mashine mpya, mbele ya wateja. Nilikibandua hata kabla hajashuka ngazi. Waya wa printa ameuacha unaning'inia nyuma ya mlango. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliidai mpaka nikataka kugombana naye. Kijana, unakuja ofisi ya wahasibu unategemea nini?

Swichi yetu ni ya kasi ya Mbps 100, mashine mpya inaweza mara kumi ya hapo. Nilimwuliza kama tubadilishe, akasema kwa Tally na PDF hatutaona tofauti, tuitunze pesa kwa ajili ya zile mbili za Windows 10, ambazo msaada wa bure wa Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anayekataa kukuuzia kitu ni wachache. Ukimhitaji mtu wa namna hii, mpigie mapema, usingoje tarehe 18. Na ukimpata, mwambie aandike kwenye karatasi anwani alizotoa na alichobadilisha. Sisi alituambia kwa mdomo tu, nikaandika mwenyewe.