Kliniki ya kumbukumbu: nyota tatu, moja ni ya nesi

Niliwapeleka wazee wangu wote wawili siku moja, kliniki binafsi hapa Dar, shilingi 80,000 kwa kichwa. Foleni fupi, viti vya kukalika, na nesi aliyewaamkia shikamoo kabla hajagusa faili. Nyota moja ni yake.

Kipimo chenyewe ni MoCA, cha kupima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, alichokitunga Dk. Ziad Nasreddine kule Montreal, Kanada: karatasi moja, dakika kama 10, alama 30. Ukifikisha 26 unahesabiwa uko sawa. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Mstari huo wa 26 ni uleule kwa mwanamke na mwanamume, na hapo ndipo nilipogombana nao.

Mama, mhazini wa kikoba miaka nenda rudi, aliyataja bila kukwama maneno yote matano unayosomewa uyakumbuke baadaye. Akapata 27. "Mama yuko vizuri kabisa," daktari akasema. Mimi ninayeishi naye najua mwezi uliopita amemlipa muuza maziwa mara mbili na ameunguza sufuria tatu. Baba, fundi seremala, alilichora lile boksi la kunakili utadhani mteja yuko nje anasubiri, ila maneno akakumbuka mawili tu. Akapata 24, akaandikiwa ana dalili za kupoteza kumbukumbu. Na baba hajawahi kukosea kipimo cha ubao!

Watafiti wameonyesha kwamba wanawake kwa wastani huwazidi wanaume katika kukumbuka maneno, hata Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu) inapokuwa imeshaanza, kwa hiyo vipimo vya namna hii huchelewa kuwagundua. Marekani, karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake (kuishi miaka mingi zaidi ni sehemu ya sababu). Nilitegemea basi daktari aniulize habari za nyumbani. Wapi!

Halafu ile saa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, mpimaji akatafsiri palepale: "Chora saa kumi na moja na dakika kumi." Baba akaweka mshale mfupi kwenye 5, kama Mswahili yeyote. Akakatwa alama. Nilibishana mpaka wakamrudishia, ikawa 25.

Mkienda, andikeni kabisa mnayoyaona nyumbani, mkabidhi hata kama hamjaulizwa. Sisi tumeambiwa turudi baada ya miezi sita, na nitadai karatasi yenye maneno mengine, maana yale matano mama aliyakariri kwenye daladala njia nzima hadi Mbagala, na sasa kamfundisha na jirani.