Flashingi ya paa la baraza na ukuta: ipi ununue, ipi uache

Paa la baraza likivuja pale linapoegemea ukuta, wengi hukimbilia tyubu ya silikoni. Iache kwanza. Hapo panatakiwa flashingi: bati lililokunjwa, upande mmoja ukipanda ukutani, mwingine ukilalia paa. Kabla ya kuuliza ni ya madini gani, kagua ukingo wa juu. Ukiwa bapa tu, wa kupigiliwa misumari juu ya plasta, maji yanayoteremka ukutani yatapita nyuma yake hata ingekuwa ya shaba. Chukua yenye mdomo uliokunjwa, uingie kwenye mfereji wa kina cha milimita 25 hivi ambao fundi ataukata kwa grinda. Upande wa ukutani uinuke angalau milimita 150 juu ya paa.

Kwa paa la mabati, chaguo langu la kwanza ni chuma chenye zinki kilichopakwa rangi kiwandani. Ni ndugu wa paa lenyewe, kwa hiyo hawalani kutu, na hukunjwa kwa kipimo chako. Geji inachanganya watu: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba, hivyo 28 ni nene kuliko 30. Ukiona alama ya Z275, maana yake ni gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja.

La pili, alumini. Haipati kutu nyekundu, ila saruji mbichi huila. Mfereji wake uzibwe kwa silikoni, si kwa saruji.

Risasi naiweka ya tatu, ingawa kwenye vigae vya mawimbi inashinda zote, maana hugongwa taratibu ikafuata kila bonde. Vipande visizidi mita 1.5, la sivyo joto huvipasua. Mkikinga maji ya mvua ya kunywa, msiiguse: ni sumu.

Utepe wa lami ni kiraka cha msimu. Ukilazimika, chukua wenye ngozi ya alumini, maana jua hukausha lami tupu. Saruji peke yake? Paa hutanuka na kunywea, ukuta umetulia. Ufa hauko mbali.

Silikoni ya kuzibia mfereji isiwe ile inayonuka siki. Hiyo hushambulia zinki. Unapopima urefu, ongeza milimita 100 kwa kila maungio ya kipande na kipande.