Miezi 10 ya kurudisha goti: tathmini ya kliniki moja ya tiba ya viungo Kinondoni

Kliniki hii ipo ghorofa ya chini ya jengo la maduka, na jina lake sitalitaja kwa kuwa si yote nitakayoyasema yatawapendeza wenyewe. Nilianza kuhudhuria wiki ya pili baada ya upasuaji wa kujenga upya ukano wa mbele wa ndani ya goti la kulia, ule ambao mashabiki wa soka wameuzoea kwa jina la ACL. Mimi ni mwalimu wa shule, na niliukata nikicheza beki wa kati katika timu yetu ya maveterani. Hakuna aliyenigusa: niligeuka kuufuata mpira, kiatu kikang'ang'ania nyasi, na ndani ya goti kikalia kitu kama kijiti kilichovunjika.

Kwa kila kikao nililipa shilingi 30,000, na sijutii, kwa sababu pale hawakisii, wanapima. Siku ya kwanza mtaalamu alinilaza chali, akaweka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, akaniacha dakika 10 goti lishuke lenyewe, huku akinieleza kwamba kulinyoosha hadi mwisho kunatangulia kuongeza nguvu, maana goti linalobaki limekunjika japo kidogo humfanya mtu achechemee na misuli ya mbele ya paja izidi kunywea. Kisha akachukua futikamba ya fundi cherehani, akapima sentimita 15 juu ya pia ya goti: paja la kulia lilikuwa limepungua sentimita 4 kuliko la kushoto. Futikamba ile ilirudi kila mwezi, na nakiri kuna mwezi niliiogopa kuliko sindano.

Mwezi wa sita tangu upasuaji sikuwa na maumivu, nilikuwa nakimbia taratibu ufukweni, nikaomba ruhusa ya kurudi uwanjani. Akanichorea mstari wa chaki sakafuni na kuniamuru niruke kwa mguu mmoja, mara tatu kila upande. Mguu mzima ulifika mita 1.42 na uliofanyiwa upasuaji mita 1.08, yaani asilimia 76, ilhali yeye alitaka angalau 90. "Mwalimu, maumivu si kipimo," aliniambia. Kipande kilichotolewa kwenye kano za nyuma ya paja na kupandikizwa gotini hulegea kwanza kabla mwili haujakipa mishipa ya damu na nyuzi mpya, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia mzima huku ukano wake bado mchanga. Alinitajia utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016, ambao ulionesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi michezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takribani nusu. Nilipoendelea kubisha akanikumbusha Virgil van Dijk, beki aliyeumia ukano huohuo akiichezea Liverpool Oktoba 2020 na kucheza tena mechi ya mashindano Agosti 2021, ilhali kwake mazoezi ndiyo kazi anayolipwa. Mimi ni shabiki wa Liverpool. Sikuwa na la kujibu.

Dosari zipo. Miadi ya saa 10 jioni huanza saa 11, kwa kuwa mashine ya kusukuma uzito kwa miguu ni moja na wagonjwa ni wengi. Kifaa cha kusisimua misuli kwa umeme kilitozwa pembeni, nami nikalijua hilo nilipokabidhiwa risiti.

Lakini lililoniudhi zaidi linahusu kazi. Wiki ya nane nilipewa barua yenye mstari mmoja: "Apewe kazi nyepesi." Mkuu wangu wa shule, kwa nia njema kabisa, aliniondoa darasani akanipangia kusimamia mtihani, yaani saa tatu za kusimama na kuzunguka kati ya madawati, na jioni ile goti lilijaa maji hadi suruali ikabana. Pale kliniki waliujua mpira wangu wote, nafasi ninayocheza na mguu ninaoupendelea, lakini hakuna aliyeuliza akajua kwamba darasa langu lipo ghorofa ya pili, wala kwamba natoka Mbagala kwa daladala nikiwa nimesimama.

Nilipolalamika, mtaalamu alikaa chini akaniuliza siku yangu tangu alfajiri. Akanifundisha kupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mzima na kushuka kwa kutanguliza ule mbovu, akanieleza niendelee kuswali kitini hadi goti likubali kukunjika bila kulazimishwa, kisha akaandika barua nyingine: asisimame zaidi ya dakika 20 mfululizo, asipande ngazi zaidi ya mara mbili kwa siku, awekewe stuli karibu na ubao. Barua hiyo ilifuatwa neno kwa neno. Ilistahili kuandikwa tangu mwanzo.

Sijda kamili niliipata mwezi wa nane. Mwezi wa 10 niliruka mita 1.36 kwa mguu wa kulia na 1.45 kwa wa kushoto, nikaruhusiwa kwanza mazoezi yasiyo na kugongana, na wiki tatu baadaye nikacheza dakika 20 za mechi.

Anayetaka kwenda aombe miadi ya saa 1 asubuhi, wakati mashine haina foleni, aulize bei ya kila kifaa kabla hajalala kitandani, na aeleze kazi yake hata kama hajaulizwa.