Kamusi ya mtumba ya Oxford toleo la 7: "run" ilishanitia hasara, hili dude limenitoa ujinga

Mi nafua nguo za watu, nina mashine mbili na pasi ya mvuke, mambo ya vitabu niliachana nayo fomu foo. Sasa kuna mteja kaniletea shuka jipya la maruni, lebo imeandikwa "colours may run". Nikaliweka kwenye app ya kutafsiri ya kwenye simu, ikanijibu "rangi zinaweza kukimbia". Nikacheka mwenyewe, nikasema zikimbie zitarudi, nikalitupia kwenye mashine pamoja na mashati meupe matano ya kaka mmoja anafanya kazi benki. Jamani. Yametoka pinki, tena pinki ile ya sare za kicheni pati. Kumbe walikuwa wanasema linachuja! Yani kuchuja, neno ambalo hata mtoto anayetumwa dukani kununua sabuni analijua, ningeambiwa linachuja ningeliloweka kwenye ndoo peke yake yakaisha. Mashati nimelipa.

Ndo nikaenda Posta kwa wale wanaopanga vitabu chini, nikachukua Oxford Advanced Learner's, toleo la 2005, kijana alianzia 25,000 tukamalizana 15,000. Sidii yake haikuwepo, mwenye nayo wa kwanza alishaichomoa, sikujali.

Kilichonifurahisha ni jinsi ilivyopanga. Ukifungua "run" limekula safu baada ya safu, ila kila maana ina kichwa kidogo kwa herufi kubwa kinachokwambia hapa tunaongelea nini, magari, biashara, kimiminika, rangi, uchaguzi, kwa hiyo husomi yote, unashuka na kidole mpaka kwenye shida yako. Basi likipita kila nusu saa ni run, bomba likimwaga maji ni run, makamasi yakishuka ni run, mama mwenye genge anaendesha genge lake ni run. Mmarekani akigombea cheo ana-run, ila Mwingereza yeye akitaka ubunge anasema "stand", mmoja anakimbia mwingine kasimama na wote wanataka kura. Na soksi zile ndefu za kina dada zikifumuka mstari, Mmarekani anaita run, Mwingereza anaita ngazi!

Nimekaa nayo nikagundua karibu zote kuna kitu kinakwenda chenyewe hakisimami, maji, injini, rangi, biashara. App haikuniambia hilo, ilinipa neno moja ikanyamaza.

Maelezo yake ni mepesi, wameyaandika kwa maneno kama 3,000 ya kawaida na yale muhimu yamewekewa alama ya ufunguo. Hata mwanzilishi wake, Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, ya kwanza ilitoka huko huko Tokyo 1942, kwa hiyo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa watu kama sisi ambao Kiingereza si lugha tuliyozaliwa nayo. Usiichanganye na ile Oxford yenyewe ya voliumu 20 ya 1989. Humo aliyekuwa anaongoza ni "set", maana 430 kama kitenzi, ila kwenye marekebisho mapya "run" imempita, imefika 645, na mhariri wake Peter Gilliver ilimla miezi tisa neno moja tu. Mimi miezi tisa natoa mtoto.

Msiwacheke sana lakini. Mwelezeni mzungu kwa nini mi napiga pasi, napiga deki, napiga mswaki, napiga chafya na napiga kura na hakuna hata mmoja aliyeumia.

Mapungufu: nzito, ukisoma umelala ikikudondokea usoni utaamka na nundu. Na Kiswahili hamna hata tone, mi naiweka pembeni na ile ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ndo mambo yanakaa. Nyota nne.

Ila ukinunua ya mtumba kagua kurasa kabla hujatoa hela. Yangu nilifika nyumbani nikakuta kwenye S pamechanwa, "set" yote haipo, ile yenye maana kibao. Nikamrudia kijana anipunguzie hata 2,000, akaniangalia, akasema "dada, kwani set si kuweka tu?"